Muuaji Tunamjua Wote: Kusoma Riwaya ya Upelelezi kwa Jicho la Mkaguzi

Mtu akiniomba nimshauri asome nini ili aelewe ufisadi unavyofanya kazi, simpi sheria wala ripoti. Nampa riwaya ya upelelezi. Ila si riwaya yoyote, na si kwa usomaji ule tuliouzoea wa kukimbilia kurasa za mwisho ili tujue nani kaua.

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa ndani katika halmashauri kwa muda mrefu, na riwaya nimezisoma tangu nikiwa shule ya msingi. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia vijana wanaoingia kwenye kazi hii. Yatamfaa pia asiye mkaguzi, aliyechoka kusikia kila mwaka kwamba mabilioni yameyeyuka bila kuambiwa yameyeyukaje.

Sisi wa Kiswahili tulilelewa na wapelelezi wa aina mbili. Wa kwanza ni Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960: mtu wa kiko na fikra, anayekaa kimya wakati wengine wanapayuka, kisha mwishoni anafungua kila kifundo mbele ya hadhara. Wa pili ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa Kufa na Kupona na vitabu vilivyofuata, mwenye bastola na suti nzuri, akipambana na makaburu na vibaraka wao katika miaka ile Dar es Salaam ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Nawapenda wote wawili na sitaki mtu anidharaulie. Lakini hakuna kati yao aliyenisaidia nilipokabidhiwa faili la hati za malipo. Kwa Bwana Msa, uovu una mwenyewe. Akishafichuliwa, mji unatulia. Kwa Gamba, adui anatoka nje ya mpaka. Ufisadi niliokutana nao haukuwa na mwenyewe mmoja wala haukuvuka mpaka. Ulikuwa ofisi ya jirani, na ulitoa mchango mnono kwenye harusi ya binti yangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuta riwaya ambayo muuaji anajulikana mapema.

Iliyonifaa kuliko zote iliandikwa Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia, na Leonardo Sciascia, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Racalmuto, mji mdogo wa machimbo ya salfa na chumvi. Inaitwa Il giorno della civetta, yaani Siku ya Bundi, na ilitoka mwaka 1961, wakati ambapo bado kulikuwa na wakubwa waliosimama hadharani kusema kwamba mafia ni hadithi tu za kuichafua Sicily. Inaanza alfajiri. Basi la kwenda Palermo, mji mkuu wa kisiwa, linataka kuondoka, mtu aliyevaa suti nyeusi anakimbia kuliwahi, zinalia risasi mbili, anaanguka. Ni Colasberna, mkandarasi mdogo wa ujenzi. Abiria wanateremka mmoja mmoja na kutokomea kabla askari hawajapata wa kumhoji. Dereva hakumbuki sura hata moja. Muuza panelle, ambazo sisi tungeziita bajia za dengu, alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Anapopatikana na kuulizwa nani kapiga risasi, anashangaa: kwani kuna mtu kapiga risasi?

Mpelelezi ni Kapteni Bellodi wa carabinieri, jeshi la Italia linalofanya kazi ya polisi, mtu wa Parma, mgeni wa kaskazini. Mpaka unafika katikati ya kitabu umeshajua kwa nini Colasberna kauawa: ushirika wake wa ujenzi ulikataa ule "ulinzi" ambao wakandarasi wengine walikuwa wakiulipia. Unamjua aliyefyatua, unamjua aliyemtuma, na unamjua mzee aliyekaa juu ya wote, don Mariano Arena. Fumbo limekwisha. Kinachobaki ni kazi ngumu kuliko fumbo: kuligeuza jambo linalojulikana na mji mzima liwe ushahidi.

Hapo ndipo nilipokishika kitabu kwa mikono miwili. Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza nani anakula. Mama ntilie aliyetuletea chai alikuwa na majina, na kiwango cha kila mmoja. Kilichokosekana kilikuwa karatasi.

Sasa namna ya kusoma. Chukua daftari, na kila karatasi inapotajwa kwenye hadithi, iandike: barua isiyo na jina, leseni, hati ya benki, kibali, orodha ya washukiwa. Andika nani aliitengeneza, nani aliiona, na nini kingetokea kama isingekuwepo. Achana na majina ya wahusika na nani kampenda nani, yatajipanga yenyewe. Ukifanya hivi kwa riwaya mbili tatu utaanza kuona kwamba uhalifu wa kupangwa hauogopi sana kuonekana. Unaogopa kuandikwa. Nao ukilazimika kuandika, unaandika vizuri mno.

Chukua nukuu za bei, ambazo kila aliyewahi kukaa ofisi ya manunuzi anazijua. Utaratibu unataka wazabuni washindane, basi kwenye faili utakuta nukuu tatu za saruji na nondo, kutoka maduka matatu, zenye mihuri mitatu. Faili limekamilika, halina upungufu. Halafu unagundua kwamba zote tatu zimekosea herufi ile ile kwenye neno lile lile, na zimejazwa siku moja. Unapiga simu duka la kwanza, anapokea bwana mmoja. Unapiga la pili, sauti ni ile ile. Niliwahi kukutana na faili la namna hiyo, na nakiri lilinifurahisha kidogo, maana lilikuwa na ufundi wa mtunzi mvivu aliyempa kila mhusika lafudhi moja.

Jambo la pili la kufuatilia ni ukimya, na hili ndilo linalotaka muda zaidi.

Tumezoea kusema walionyamaza ni waoga, au ni washirika. Sciascia anakufanya upige hesabu zao. Katika riwaya yumo Nicolosi, mkulima anayepogoa miti, ambaye kosa lake lote ni kumtambua mtu aliyekuwa akikimbia asubuhi ile. Anatoweka. Yumo mtoa habari mmoja, wanamwita Parrinieddu, aliyezoea kula pande zote mbili kwa kuwapa askari vijihabari visivyo na madhara. Safari hii anatoa jina la kweli, na tangu analitamka anajua amekufa. Mke wa Nicolosi anaikumbuka lakabu aliyoitaja mumewe kabla hajatoka nyumbani, anaisema, na neno hilo moja ndilo linaloifungua kesi. Kila anayesema analipa, na anayelipwa hayupo mbali. Yuko mtaani hapo hapo, anawasalimia.

Basi kwa kila mhusika aliyenyamaza jiulize maswali mawili. Akisema, atapoteza nini? Na anayemwambia, ana uwezo gani wa kumlinda baada ya saa kumi jioni ofisi zikifungwa?

Mtunza stoo mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alisaini hati ya kupokelea saruji ambayo haikuwahi kufika. Nilipomuuliza nani alimwagiza asaini, alifunga mlango, akaniambia: "Mwanangu, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Ukiniandika humo, kiinua mgongo changu kitapotelea njiani." Sikumlazimisha. Nilimwomba leja ya stoo, na daftari la getini ambalo walinzi huandika magari yanayoingia. Alinipa vyote siku hiyo hiyo, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu kumpa mkaguzi leja ni kazi yake. Hakuna atakayesema amemchoma mtu. Leja ilisema saruji imeingia. Daftari la getini halikuwa na lori lolote wiki nzima. Yeye hakusema neno, na hoja ikaandikika. Kijana anayeanza kazi hii ashike hilo: usimtake mnyonge awe shujaa. Mtake atimize wajibu wake wa kawaida, kisha unganisha mwenyewe.

Kuhusu fedha, kuna ukurasa mmoja ambao humsomea kila mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anayepita mikononi mwangu. Bellodi, kesi ikiwa inamponyoka, anawaza kwamba huku si kwa kutafuta bunduki. Angeweza angeingia benki, angepekua vitabu vya kampuni kubwa na ndogo, angefungua daftari za ardhi, halafu angeangalia nyumba, magari na wanawake wa baadhi ya maofisa na kuvilinganisha na mishahara yao. Anaikumbuka Marekani, ambako Al Capone hakupatikana kwa mauaji bali kwa kukwepa kodi ya mapato, akafungwa mwaka 1931. Na don Mariano anapoulizwa kuhusu akiba zake benki, ambazo mashamba yake yasingeweza kuzizaa hata mvua ingenyesha mwaka mzima, ndipo pekee tunapomwona mzee akikaa vibaya kwenye kiti.

Hayo yaliandikwa 1961. Italia ilikuja kupata sheria inayotaja mafia kwa jina kama kosa la jinai, na kuruhusu mali zao zichunguzwe na kutaifishwa, Septemba 1982. Sheria hiyo ilipendekezwa na mbunge Pio La Torre, aliyeuawa Palermo tarehe 30 Aprili mwaka huo. Ilipitishwa baada ya Jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa kuuawa naye katika mji huo huo tarehe 3 Septemba. Kisha hakimu Giovanni Falcone na wenzake walizifuata hundi, benki hadi benki, na kesi kubwa iliyoanza Februari 1986 ikaisha Desemba 1987 kwa zaidi ya watu 300 kutiwa hatiani. Mahakama ya juu iliithibitisha Januari 1992. Falcone akauawa kwa bomu tarehe 23 Mei. Miaka zaidi ya ishirini ilipita kati ya wazo la kapteni wa kubuni na sheria ya kweli, na sidhani kwamba waliochelewesha hawakuwa wanasoma riwaya.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitambua kosa la kumiliki mali isiyolingana na kipato. Silaha ya Bellodi tunayo kabatini.

Sasa kipande kinachowachosha wasomaji wengi, na ambacho mimi nakiona ndicho roho ya kitabu: jinsi kesi inavyokufa. Ole wenu mnaochukia kuharibiwa utamu, rukeni aya hii. Hakuna anayempiga Bellodi risasi. Wanatokea watu wa heshima zao, wenye majina safi, wanaapa kwamba mtuhumiwa alikuwa nao mahali pengine kabisa siku ile. Kifo cha Nicolosi kinapewa maelezo mapya: mkewe alikuwa na hawara, ni mambo ya mapenzi. Huko Roma, watu ambao hawatajwi majina wanahangaika na simu. Kapteni yuko likizo kwao Parma, na habari kwamba kazi yake yote imebomolewa anaikuta kwenye magazeti.

Soma sehemu hiyo polepole, kisha fungua magazeti yetu. Utaanza kuona vifo vya namna hiyo kila mahali. Jambo la fedha za umma linageuzwa kuwa ugomvi wa watu wawili: "ana chuki binafsi," "alinyimwa cheo." Hoja ya ukaguzi inajibiwa kwamba nyaraka zilipotea wakati wa kuhama ofisi. Mhusika mkuu anahamishiwa wilaya nyingine, na yule aliyerithi meza yake anajibu kwa unyenyekevu kwamba yeye hakuwepo. Hayo si majibu ya hovyo, kama watu wanavyodhani. Ni ufundi, na una wataalamu wake.

Ukitaka mfano wa jirani wa kusoma sambamba, chukua Goldenberg ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja ilipewa haki ya kusafirisha dhahabu na almasi, na kwa kila mauzo iliyodai kuyafanya nje ililipwa fidia na serikali kwa asilimia 35, wakati kiwango cha kisheria kilikuwa 20. Kenya dhahabu yake ilikuwa kidogo mno, almasi haikuwa nayo. Mtoto wa darasa la sita mwenye kitabu cha jiografia angeliona tatizo. Benki Kuu kulikuwa na karani kijana, David Munyakei, aliyeziona karatasi zikipita mezani kwake na hesabu zikakataa kulala. Nyaraka ziliwafikia wabunge wa upinzani mwaka 1993. Yeye alikamatwa, akafukuzwa kazi, akahangaika na maisha. Tume ya Jaji Bosire ilianza kazi baada ya serikali kubadilika, na ripoti yake ilitoka 2006, mwaka ambao Munyakei alifariki. Msomaji wa kawaida wa riwaya za upelelezi huuliza mwizi alikuwa nani. Wewe uliza karatasi hizo zilipita kwenye meza ngapi kabla hazijafika kwa karani mmoja aliyeshtuka, na wale wa meza nyingine walikuwa na hesabu gani za maisha.

Kuna hatari mbili katika usomaji huu, na zote nimeziona kwa watu ninaowafahamu.

Moja ni kumpenda bosi. Don Mariano ana ulimi mtamu. Anawagawa wanadamu katika mafungu, kuanzia mwanamume kamili hadi yule asiye na thamani zaidi ya bata, na anamhesabu Bellodi kuwa mwanamume. Wasomaji wengi huinakili hotuba hiyo kama hekima, wakasahau kwamba anayeipanga mizani ni mtu aliyeagiza mauaji. Ukijikuta unavutiwa na mzee mwenye busara wa kwenye riwaya, simama hapo ujichunguze, maana na sisi tunaye: yule anayelipia majeneza, anayechangia madrasa na kwaya kwa pamoja, ambaye kila mtu humtaja kwa kusema "ana roho nzuri, ila…" Na hiyo "ila" haimaliziwi kamwe.

Ya pili ni kinyume chake, kumwona kila mtu mwizi. Hoja nyingi nilizoandika zilikuwa za uzembe mtupu: masurufu hayakurejeshwa kwa wakati, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, haikudaiwa, karani hakufundishwa kazi. Anayesoma riwaya tano za mafia mfululizo halafu akaingia ofisini ataona genge mahali palipo na uvivu. Genge lina dalili yake, nayo ni ukamilifu. Faili la mzembe lina matundu, na mwenyewe anaona haya. Faili la genge limenyooka, na ukiligusa watu ambao hawahusiki nalo wanaanza kukuuliza habari za familia yako.

Hata mtunzi msome hivyo hivyo. Januari 1987 Sciascia aliandika makala katika gazeti la Corriere della Sera akiwasema watu aliowaona wanajijengea vyeo kwa mgongo wa vita dhidi ya mafia, na akatolea mfano uteuzi wa hakimu Paolo Borsellino. Borsellino aliuawa kwa bomu Palermo tarehe 19 Julai 1992. Wapo wanaomtetea Sciascia hadi leo, kwamba hoja yake ya jumla ilikuwa sahihi. Mimi naona hoja ilikuwa sahihi na mfano ulikuwa mbaya mno, na katika ukaguzi mfano mbaya huiua hoja nzima.

Mwisho, kwa mtu anayetaka kuanza. Chagua riwaya moja tu, usome na mwenzako mmoja, na wakati huo huo tafuta ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ile inayomfikia Rais mwishoni mwa Machi na kuingia bungeni Aprili. Usiisome yote, utalala. Chukua sehemu ya serikali za mitaa, utafute halmashauri unayoijua, usome hoja tatu: karatasi gani haikuonekana, nani alipaswa kuwa nayo, na menejimenti ilijibu nini. Ukigundua jambo ofisini kwako, kabla hujamwambia mtu soma kwanza Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ujue kinga inaanzia wapi na taarifa inapelekwa kwa nani, kwa sababu kulipeleka jambo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakuhesabiki.

Sciascia anapatikana kwa Kiingereza na Kifaransa, na kitabu chenyewe ni chembamba, wikiendi moja inakitosha. Usiruke maelezo mafupi aliyoyaweka mwishoni. Anasema hapo kwamba alitumia mwaka mzima kukipunguza, si kwa kupenda ufupi bali kwa kujikinga na wale ambao wangeweza kujiona wametajwa, na kwamba hakukiandika kwa uhuru wote ambao mwandishi anastahili kuwa nao. Ukifika hapo rudi kwenye daftari lako la karatasi na ukimya, uongeze mstari mmoja kwa ajili ya mtunzi.